Seli za uloto wako, seli za mtu mwingine au kiraka cha moyo: unachagua kwa kigezo gani?

Siku hizi mtu akitoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo, haipiti wiki kabla ndugu mmoja hajatuma kwenye grupu la familia video ya hospitali fulani ya ng'ambo inayosema moyo ulioharibika unaoteshwa upya kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Aliyeituma ana nia njema. Pengine yuko Dar, pengine yuko Muscat, na hana njia nyingine ya kusaidia akiwa mbali. Kabla ya magharibi grupu la michango limeshafunguliwa, na mgonjwa mwenyewe, aliyejipumzisha nyumbani Makorora au Chumbageni hapa Tanga, ndiye wa mwisho kuulizwa.

Ulinganisho huu ni wa familia iliyofika hapo. Aina za seli zinazotajwa sana ni tatu. Ipo na njia ya nne, kubaki na dawa na kliniki, ambayo wengi hawaihesabu kabisa, wanaona ni kukosa la kufanya. Nitaziweka zote nne kwenye mizani moja. Msimamo wangu niuseme mapema: jina la seli ni swali la tatu. La kwanza ni tarehe ya mshtuko, na la pili ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Ukishayajibu hayo mawili, matangazo mengi yanajiondoa yenyewe.

Kilichoharibika ni nini

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapozibwa na damu iliyoganda. Msuli uliokatiwa damu huanza kufa baada ya dakika chache, na mshtuko mkubwa unaweza kuua seli zinazokaribia bilioni moja. Ngozi ikikatika hujiotesha, ini likikatwa hukua tena, lakini moyo wa mtu mzima hauna uwezo huo, au unao kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska huko Sweden walitumia kaboni yenye mionzi iliyosambaa duniani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kupima umri wa seli za moyo. Wakakuta kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu asilimia.

Kwa hiyo pale palipokufa panajaa kovu. Kovu linashika ukuta wa moyo usipasuke, ila halisukumi damu. Ni mashua ya wapiga makasia kumi ambamo watatu wameacha kupiga: chombo bado kinakwenda, lakini saba waliobaki wanachoka mapema. Uchovu huo ndio madaktari wanauita moyo kushindwa kufanya kazi: miguu kuvimba, pumzi kukata ukipanda ngazi, kulala kwa mito mitatu.

Karatasi ya eko

Kwenye bahasha ya kaki ya mgonjwa wa moyo huwa kuna filamu ya kifua, risiti, kipande kirefu cha ECG, mchoro wa umeme wa moyo, ambacho wino wake unafifia kwa joto (kipige kopi mapema, baada ya mwaka hakisomeki), na karatasi ya eko. Kwenye karatasi hiyo tafuta herufi EF.

"Shikamoo mjomba. Hapa wameandika EF 35. Ina maana moyo umebaki asilimia thelathini na tano?"

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiyo nilivyoelewa, na toka siku hiyo silali."

Sivyo. EF ni sehemu ya damu inayotoka kwenye chumba cha kushoto cha moyo kila moyo unapopiga. Hakuna moyo unaotoa yote. Moyo mzima hutoa takriban asilimia 55 hadi 70. Ikiwa 40 au chini, nguvu imepungua kwa kiwango kinachohitaji dawa maalumu. Kwa hiyo 35 ni tatizo la kweli, ila si moyo uliokufa theluthi mbili.

Jambo la pili kuhusu namba hii ndilo linalowaponyoka wengi. Baada ya mshtuko, sehemu ya msuli huwa haijafa, imepigwa bumbuazi tu, na huamka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Mtu mwenye EF 35 siku ya tatu anaweza kuwa na 42 baada ya miezi mitatu bila kuchomwa seli yoyote, kwa dawa za kawaida na mshipa uliozibuliwa. Ushuhuda wa video unaosema "EF yangu imepanda kwa alama saba baada ya seli" unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usithibitishe kitu. Ndiyo maana majaribio ya maana huwa na kundi la pili lisilopewa seli.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nitaiuliza mambo matano. Imejaribiwa kwa watu waliokaa muda gani toka mshtuko? Ushahidi wake ni upi, na kwa watu wangapi? Hatari zake ni zipi? Ukirudi nayo Tanga, inakudai nini? Na mwisho, inamfaa nani? Bei sikuiweka peke yake kwa sababu inabadilika kila unapopiga simu. Nimeiingiza kwenye swali la nne, maana gharama kubwa mara nyingi huanza baada ya kurudi nyumbani.

Njia ya kwanza: seli za uloto wako mwenyewe

Hii ndiyo kongwe. Unachomwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, uloto unavutwa, maabara inachuja seli, kisha kwa upasuaji wa tundu dogo zinapitishwa kwenye mshipa uleule wa moyo uliozibuliwa.

*Wakati wake.* Majaribio makubwa ya uloto yalifanywa kwa watu waliokuwa ndani ya wiki ya kwanza hivi baada ya mshipa kuzibuliwa. Hapa ndipo tarehe inapokata mzizi wa fitina. Mtu aliyepata mshtuko mwaka juzi akiambiwa "tiba hii imejaribiwa kwa mamia ya wagonjwa Ulaya", aelewe kwamba wagonjwa hao hawakuwa katika hali yake.

*Ushahidi.* Ulianza kwa matumaini makubwa. Jaribio la BOOST la Hannover, Ujerumani, lililochapishwa 2004, lilionyesha waliopewa seli wakiwazidi wenzao kwa alama 6 za EF baada ya miezi sita. Walipopimwa tena baada ya miezi 18, tofauti hiyo haikuwepo tena ya kutegemewa, kwa sababu waliokosa seli nao walikuwa wanapanda. REPAIR-AMI ya 2006, yenye watu 204, ilipata ongezeko la alama 5.5 kwa waliopewa seli na 3.0 kwa wasiopewa. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha matokeo ya majaribio, yalikusanya majaribio 41 yenye watu 2,732, na hayakuona ushahidi wa kutosha kwamba seli hizi zinapunguza vifo au kulazwa tena.

Ili kumaliza ubishi, Ulaya ilianzisha jaribio la BAMI likilenga watu 3,000. Likapata 375. Matokeo yalitoka 2020: baada ya miaka miwili walifariki asilimia 3.26 ya waliopewa seli na asilimia 3.82 ya wasiopewa. Kwa watu wachache kiasi hicho, tofauti hiyo haisemi lolote. Kilichoonekana wazi ni kwamba mgonjwa aliyezibuliwa mshipa mapema na kupewa dawa za kisasa anaishi vizuri kiasi kwamba ni vigumu kumwongezea kitu.

*Hatari.* Ndogo kuliko za njia nyingine za seli. Ni mwili wako, hauzikatai. Kuna maumivu ya nyonga, na kuna hatari za kawaida za kupitisha mrija kwenye mishipa ya moyo.

*Mzigo ukirudi Tanga.* Hakuna dawa za ziada. Ila kuna mkanganyiko wa kuondoa: upandikizaji uloto unafanyika nchini, Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, lakini ni kwa magonjwa ya damu kama sikoseli na saratani za damu. Kumpeleka mzee wa moyo huko ukidhani ni tiba ileile ni kupoteza nauli.

*Anayefaa.* Mtu aliye ndani ya siku chache baada ya mshtuko, aliyezibuliwa mshipa, EF yake iko chini, na yupo kwenye hospitali inayoendesha jaribio lililosajiliwa. Masharti hayo manne kukutana kwa mtu mmoja ni nadra.

Ufafanuzi kidogo kuhusu "moyo unajizaa upya"

Maneno hayo ya matangazo yana historia, na inafaa kuijua kabla ya kutoa hela. Mwaka 2001 kundi la Piero Anversa lilichapisha kwenye jarida la Nature kwamba seli za uloto wa panya, zikidungwa kwenye moyo ulioumia, zinageuka kuwa msuli mpya. Dunia ilishangilia. Mwaka 2004 makundi mawili tofauti yalirudia kazi hiyo na kuchapisha kwenye jarida lilelile kwamba seli za uloto hazigeuki msuli wa moyo. Anversa aliendelea na aina nyingine ya seli, zile alizosema zinaishi ndani ya moyo wenyewe, na jaribio la kibinadamu lililojengwa juu ya kazi hiyo, SCIPIO, likachapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham and Women's ya Boston na mtandao wake walikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kufunga madai kwamba fedha za utafiti ziliombwa kwa data za uongo. Oktoba 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali hiyo walitaka makala 31 kutoka maabara hiyo ziondolewe. Lancet iliifuta SCIPIO mwaka 2019.

Siyo kwamba kila mtafiti wa seli ni mwongo. Wengi walipoteza miaka kufuata njia iliyochorwa vibaya na wengine. Ninachosema ni kwamba sentensi inayosikika kwenye video ya 2025 inaweza kuwa imetoka kwenye makala iliyokwisha kufutwa, na msomaji wa tangazo hana namna ya kuliona hilo.

Kinachokubalika sasa ni kwamba seli nyingi zinazodungwa hupotea ndani ya siku chache. Kama zinasaidia, zinasaidia kwa kemikali zinazotoa: zinatuliza kinga ya mwili inayoendelea kushambulia tishu na kuchochea mishipa midogo ya damu. Kusaidia msuli uliobaki ni jambo jema. Kuotesha msuli mpya ni jambo jingine, na hilo linatupeleka njia ya tatu. Kwanza ya pili.

Njia ya pili: seli za mtu mwingine

Kitaalamu zinaitwa seli shina za mesenkaima. Zinatoka kwenye uloto wa mchangiaji mwenye afya au kwenye kamba ya kitovu ya mtoto aliyezaliwa salama, zinakuzwa maabara, zinagandishwa, na zinakaa tayari kama dawa ya kwenye friji.

*Wakati wake.* Jaribio kubwa zaidi lilikuwa kwa watu ambao moyo wao ulikuwa umedhoofika kwa muda mrefu, hawakuwa wagonjwa wa wiki ya kwanza. Kwa hiyo hii ndiyo inayomkaribia zaidi mzee wa mshtuko wa mwaka juzi.

*Ushahidi.* POSEIDON ya Miami, 2012, ilikuwa na watu 30 tu, lakini ilijibu swali la msingi: seli za mtu mwingine hazikuleta mapambano makali ya kinga. Kisha ikaja DREAM-HF, iliyochapishwa 2023, kwa watu 537 wenye EF ya 40 au chini. Walidungwa seli milioni 150 moja kwa moja kwenye ukuta wa moyo kupitia mrija, na wenzao wakafanyiwa utaratibu wa kuigiza bila seli. Lengo kuu lilikuwa kupunguza kulazwa mara kwa mara kwa ajili ya moyo kushindwa. Halikufikiwa. Walipochambua zaidi wakaona waliopewa seli walipata mshtuko mwingine au kiharusi kwa uchache, hasa wale ambao kipimo cha damu cha CRP kilionyesha mwili unawaka ndani.

Matokeo ya aina hiyo husomwa kwa uangalifu. Ukitega nyavu kwa ajili ya kolekole ukapata kamba, kamba ni mali, ila huwezi kudai ulikwenda kuvua kamba. Ni dalili ya kufuatilia kwa jaribio jipya lililopangwa kwa lengo hilo.

*Hatari.* Kinga haizishambulii kwa ukali, kwa hiyo kwa kawaida huhitaji dawa za kushusha kinga. Hatari halisi iko kwenye utaratibu wa kudunga ukuta wa moyo, na kwenye usafi wa maabara. Chupa iliyoandikwa "seli za kitovu" na maabara isiyokaguliwa na mtu inaweza kuwa na bakteria, au isiwe na seli hai hata moja. Mgonjwa hawezi kuona tofauti.

*Mzigo ukirudi Tanga.* Mdogo: dawa zako zilezile, na eko za kufuatilia.

*Anayefaa.* Aliyekaa miezi au miaka toka mshtuko, EF 40 au chini, anatumia dawa zote kwa kipimo kamili na bado pumzi inakata, na amepata nafasi kwenye jaribio la kweli. Kwenye daftari la maswali ya daktari aongeze swali la CRP.

Njia ya tatu: kiraka cha msuli wa moyo

Hapa ndipo wazo la kuongeza msuli mpya linapokuwa na miguu. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni na kugeuzwa kuwa seli ya aina yoyote. Alipata Nobeli mwaka 2012. Seli hizo, zinazoitwa iPS, zinaweza kugeuzwa kuwa msuli wa moyo unaodunda kwenye sahani ya maabara, na unadunda kweli, ukiutazama kwa darubini unaona.

*Wakati wake.* Kwa moyo uliochoka kwa muda mrefu, mara nyingi kwa watu walio karibu na kuhitaji moyo wa kupandikizwa.

*Ushahidi.* Januari 2020 kundi la Yoshiki Sawa wa Osaka lilimwekea mgonjwa wa kwanza vipande vyembamba vya seli hizo juu ya moyo. Aprili 2025 kampuni ya Cuorips, iliyotokana na kazi hiyo, iliomba idhini Japani. Ujerumani, kundi la Göttingen lilichapisha Januari 2025 kwenye Nature kazi ya kiraka kinene zaidi: kwanza kwa nyani, kisha wakaeleza habari za mwanamke wa miaka 46 aliyewekewa kiraka na baada ya miezi mitatu akapata moyo wa kupandikizwa. Moyo wake wa zamani ulipochunguzwa, seli za kiraka zilikuwa hai na zimepata mishipa ya damu. Hilo ni jambo kubwa. Ni mtu mmoja pia.

Kuhusu idhini ya Japani, neno moja la tahadhari. Nchi hiyo ina utaratibu wa idhini ya masharti: bidhaa inaruhusiwa kwanza, ushahidi unakamilishwa baadaye. Mwaka 2015 vipande vya msuli wa mguu vilivyoitwa HeartSheet viliruhusiwa hivyo. Mwaka 2024 jopo la wizara lilipopima ushahidi uliokusanywa, likaona hautoshi, na bidhaa ikaondoka sokoni. Kwa hiyo "imeidhinishwa Japani" ni kauli ya kufuatia na swali: idhini kamili au ya masharti?

*Hatari.* Kubwa kuliko zote hapa. Kifua kinafunguliwa. Seli mpya zinaweza kudunda kwa mwendo wake na kuvuruga mapigo ya moyo. Seli ambazo hazikugeuka sawasawa zinaweza kuota uvimbe. Na kwa kuwa mara nyingi seli si zako, unahitaji dawa za kushusha kinga ya mwili.

*Mzigo ukirudi Tanga.* Usiupime kwa tiketi ya ndege. Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga anahitaji damu kupimwa mara kwa mara kuona kiwango cha dawa, na homa ndogo ya kawaida kwake si ndogo tena. Kwenye mkoa wenye malaria, na nchi yenye kifua kikuu, hilo ni jambo la kila wiki. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam ni takriban kilomita 350 kwa njia ya Segera na Chalinze. Familia ijiulize nani atampeleka, na mara ngapi.

*Anayefaa.* Mwenye moyo uliochoka sana, ambaye dawa na vifaa vimefika mwisho, mwenye daktari bingwa anayeandikiana moja kwa moja na kituo cha utafiti, na aliye tayari kuishi karibu na hospitali kubwa.

Njia ya nne: dawa, kliniki na miguu yako

*Wakati wake.* Wowote, toka siku ya kwanza.

*Ushahidi.* Hapa idadi zinabadilika sura. Spironolactone, kidonge cha siku nyingi na cha bei nafuu, kilijaribiwa kwenye RALES ya 1999 kwa watu 1,663 wenye moyo uliodhoofika sana, kikapunguza vifo kwa asilimia 30. Dapagliflozin, iliyoanza kama dawa ya kisukari, ilijaribiwa kwenye DAPA-HF ya 2019 kwa watu 4,744: waliofariki kwa moyo au hali yao kuwa mbaya zaidi walikuwa asilimia 16.3, dhidi ya 21.2 kwa wasiotumia. Kuna pia jamii ya bisoprolol na carvedilol, jamii ya enalapril na lisinopril, statini za kushusha kolesteroli, na aspirini. Hakuna jaribio la seli lililofika popote karibu na idadi hizi za watu.

*Hatari.* Zipo na zinajulikana: presha kushuka mno, potasiamu kupanda, figo kuhitaji kuangaliwa. Kipimo cha damu ndicho kinachozigundua.

*Mzigo.* Ndio mzito kwa namna yake, maana ni wa kila siku na hauna video. Dawa moja haipo duka la Ngamiani, nyingine bima haiifikii, mgonjwa akijisikia nafuu anaacha mbili kati ya tano na hamwambii mtu. Nikikuta mgonjwa anayeulizia seli, ninachotaka kuona kwanza ni mfuko wake wa dawa, na mara nyingi ndani kuna aspirini, dawa ya kupunguza maji, na basi. Huyo hajafika mwisho wa dawa. Hajaanza.

Mazoezi nayo ni tiba, japo hayaandikwi kwenye cheti. Mtu aliyeruhusiwa na daktari, akianza kwa kutembea asubuhi upande wa Raskazone kabla jua halijakali, akaongeza mwendo kidogo kidogo, moyo uliobaki unajifunza kufanya kazi kwa juhudi ndogo. Baiskeli nayo, kwa mji huu tambarare wa Tanga, inafaa baadaye.

*Anayefaa.* Kila mtu, hata yule atakayeingia kwenye jaribio la seli, kwa sababu majaribio ya maana hayamchukui mtu ambaye hajatumia dawa hizi ipasavyo.

Jaribio au duka?

Seli ileile inaweza kuwa utafiti mahali pamoja na biashara mahali pengine. Dalili za kutofautisha si za kitaalamu sana. Jaribio la kweli lina namba ya usajili unayoweza kuitafuta mtandaoni, kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye daftari la Afrika la PACTR. Hapa nchini, jaribio la dawa lazima lipitie kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Jaribio lina masharti ya kukataa watu. Duka halimkatai mwenye hela. Jaribio kwa kawaida halikulipishi seli yenyewe. Na jaribio linakuambia kwamba unaweza kuangukia kundi lisilopewa seli, jambo ambalo hakuna muuzaji atakalokuambia.

Hata Marekani, ambako maduka hayo ni mengi, mamlaka ya dawa ya huko, FDA, hadi naandika haya haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 2017 jarida la New England la tiba lilieleza wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki ya kulipia ya Florida kuwadunga machoni seli zilizotokana na mafuta yao wenyewe. Lilikuwa jicho si moyo, ila mtindo wa biashara ni uleule: mgonjwa analipa, hakuna kundi la kulinganisha, hakuna anayefuatilia.

Unga na vidonge vinavyouzwa kwa mtindo wa kuunganisha watu, kwa jina la seli shina za mimea au za kondo la mnyama, sikuvipa nafasi kwenye mizani. Seli hai haisagwi ikawa unga na kupita tumboni ikafika moyoni. Tatizo lake kubwa ni pale mgonjwa anapoviweka mahali pa dawa zake.

Kwa hali yako

*Mshtuko umetokea leo au jana.* Seli si swali lako. Swali ni mshipa utazibuliwa lini, kwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda au kwa puto na stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Saa 12 za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, na kila saa inayopita inabeba msuli. Mpelekeni Bombo au hospitali iliyo karibu zaidi, msiianze safari ya Dar kwa gari la nyumbani.

*Umetimiza wiki chache, EF iko chini, una hofu.* Anza dawa zote, pandisha kipimo kama daktari atakavyoelekeza, na urudie eko baada ya miezi mitatu hivi kabla ya kuamua lolote kuhusu seli. Namba ya leo inaweza isiwe namba yako.

*Miezi mingi imepita, unatumia dawa zote kwa kipimo kamili, EF bado 35 au chini.* Omba rufaa ya bingwa wa moyo. Uliza kama mishipa inahitaji kupimwa tena, kama unafaa kifaa cha kulinda mapigo, kisha uliza majaribio ya seli za mtu mwingine. Hapo swali hilo lina uzito, na daktari atalijibu tofauti.

*Umechoka kiasi cha kutajiwa upandikizaji wa moyo.* Kiraka kinastahili kuulizwa, kwa barua ya daktari wako kwenda kwenye kituo chenyewe, si kwa wakala. Kabla ya kusafiri, mpate mtu hapa atakayekufuatilia ukirudi, na jina lake liandikwe.

*Wewe ni kijana, mshtuko ulikuwa mdogo, EF ni 50 na zaidi.* Hakuna seli iliyojaribiwa kwa ajili yako. Sigara, sukari na presha ndizo kazi yako.

*Familia imeshachanga fedha na wakala anataka malipo ya awali.* Mwombeni namba ya usajili wa jaribio na masharti ya kumpokea mgonjwa kwa maandishi, mkampelekee daktari wa kliniki pamoja na eko ya karibuni. Ikiwa wakala hana, fedha hizo zina matumizi: eko mpya, vipimo vya figo na potasiamu, dawa za mwaka mzima ambazo bima haizifikii, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Dar kumwona bingwa. Mweka hazina wa grupu awaambie waliochanga kwamba mchango umebadilishwa kazi, na mgonjwa awepo anapoandika.